Gitaa, Kidole Gumba na Krontabu

Haya wasomaji, leo naomba ruhusa niweke habari za seva kando kidogo niongee kuhusu gitaa. Usikimbie! Tutarudi kwenye tarakilishi kabla sijamaliza.

Nilinunua gitaa 2021. Kwa miaka miwili nilikuwa nikicheza karibu kila Jumapili, saa mbili au tatu hivi, na nilijiona mtu wa bidii kweli. Desemba 2023 nikaenda nyumbani Butere na gitaa langu mgongoni. Mjomba wangu ndiye aliyenitia kiu ya chombo hiki nikiwa mtoto. Yeye ni mtu wa omutibo, ule mtindo wa Magharibi ya Kenya uliovuma kupitia George Mukabi miaka ya 1950. Kidole gumba kinapiga besi bila kukoma kwenye nyuzi nene, na kidole cha shahada kinaimba juu kwenye nyuzi nyembamba. Vidole viwili tu, lakini ukifumba macho utasema ni watu wawili.

Nikamchezea wimbo mmoja. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mpwa wangu, unacheza kama mtu anayekimbilia matatu. Halafu ukifika stejini, inakuacha."

Nilicheka, lakini iliniuma. Kisha nikagundua kwamba yeye mwenyewe hakuligusa gitaa siku hiyo. Baridi yabisi imemshika viungo vya vidole. Sauti bado anayo, akaniambia, anachohitaji ni mtu wa kumshikia gumba naye aimbe. "Desemba ijayo," akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Niliporudi Nairobi nikajiuliza: hitilafu iko wapi hasa? Sikuwa na jibu. Nilijua tu kwamba "wimbo haujakaa sawa." Kazini mtu akiniletea ripoti ya namna hiyo, eti "sistimu haifanyi kazi", namrudishia.

Basi nikajirekodi kwa simu na kuifungua rekodi kwenye Audacity, ile programu huria ya sauti. Ukiikuza picha ya mawimbi, kila pigo la gumba linaonekana kama kilima. Ukicheza mapigo 100 kwa dakika, vilima vinapaswa kuachana kwa sekunde 0.6. Vyangu vilikwenda vizuri mpaka pale ninapohama kutoka kodi ya C kwenda F (kodi za gitaa, si zile za KRA). Hapo gumba lilikuwa likiharakisha mapigo mawili, kisha linasimama kabisa kuungoja mkono wa kushoto ujipange. Kwa asiyejua, F kamili huwatesa wanaojifunza kwa sababu kidole kimoja hulala na kubana nyuzi zote sita kwenye freti ya kwanza. Matatu ya mjomba na steji yake, hiyo hapo kwenye skrini!

Sasa tupige hesabu. Katika wimbo wa dakika 3, mahali hapo panakuja mara 8, sekunde moja moja. Yaani kila nilipocheza wimbo mzima nilishughulikia tatizo langu kwa sekunde 8 tu. Muda uliobaki nilicheza nilichokwisha kukijua. Tena hizo mara 8 nilikosea vilevile, kwa hivyo nilikuwa naufundisha mkono kukosea.

K. Anders Ericsson na wenzake walichapisha mwaka 1993 utafiti kuhusu wapiga fidla wa chuo cha muziki cha Berlin. Wengi tunaujua kwa ile namba ya saa 10,000 iliyovumishwa na kitabu cha Malcolm Gladwell cha 2008. Lakini Ericsson alisisitiza kwamba wingi wa saa peke yake hautoshi. Mazoezi yawe na shabaha, na uwe na njia ya kujua umepata au umekosa.

Basi nikapanga ratiba ya dakika 25:

1. Dakika 3: kutuni na kupasha vidole moto. Gumba peke yake, nyuzi za 6, 5 na 4.

2. Dakika 12: hitilafu moja tu. C kwenda F, metronomu ikiwa kwenye mapigo 50. Nikipata mara tano mfululizo, naongeza mapigo 4. Nikikosa mara mbili, napunguza 4.

3. Dakika 5: kuunganisha. Naanza mapigo manne kabla ya tatizo na kumaliza manne baada yake. Waandishi wa programu mnajua, kipande kinachopita majaribio kikiwa peke yake huvunjika ukikiunganisha na vingine.

4. Dakika 5: raha. Cheza unachopenda. Usiiondoe hii, utachoka baada ya wiki mbili.

Dakika 25 kwa siku 6 ni saa 2 na nusu, karibu sawa na Jumapili zangu za zamani. Lakini Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu 1885, akijifanyia majaribio mwenyewe, kwamba mafunzo yaliyotawanywa kwa siku kadhaa hukaa akilini kuliko yaliyorundikwa siku moja.

Kazi ya kukumbuka niliiachia mashine. Niliandika skripti fupi ya kunitumia ujumbe, nikaiweka kwenye krontabu: 0 21 * * *, yaani saa tatu usiku. Siku ya kwanza, kimya. Ujumbe ukaingia saa sita usiku nimelala! Seva ilikuwa ikifuata saa za UTC, na sisi tuko mbele kwa saa 3. Nikabadilisha 21 kuwa 18. Lakini nikiri, kilichosaidia kuliko skripti ni msumari. Nililitoa gitaa kwenye mfuko wake nikalitundika ukutani kando ya meza ya kazi.

Wiki ya tatu nilikwama kwenye mapigo 74, siku tisa nzima. Nikajirekodi tena, safari hii video. Kumbe nilikuwa nikiinua vidole vya kushoto juu mno kila nikiiacha C, navyo vinachukua muda kurudi chini. Nikashuka mpaka 54 na kuanza upya, vidole vikikaa karibu na nyuzi.

Desemba 2024 mjomba aliimba. Nilipiga kwa 92, si 100 niliyoitaka. Kwenye ubeti wa tatu F ilitoa sauti mbovu, lakini gumba halikusimama, naye hakugeuka kunitazama. Tulipomaliza akanyamaza kidogo. "Gumba limekaa," akasema. "Sasa hicho kidole cha shahada bado kimelala."

Tiketi moja imefungwa, nyingine imefunguliwa. Na ninavyoandika hivi simu imelia, ni saa tatu. Ngoja nikatuni.