Sahihi ya Mdogo Wangu

Nilikuwa sijawahi kuvuka maji, hata Pemba sijafika. Februari ile nikaondoka Dar es Salaam, nikapitia Doha, nikashuka Chicago, na ndege ndogo ikanifikisha Columbus, jimbo la Ohio. Theluji ilikuwa imeyafunika magari. Kabla sijavua koti la kuazima, mdogo wangu akaniwekea barua mezani. IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, inakusudia kukamata mshahara wake. Ana siku 30 za kuomba asikilizwe.

Deni lilitokana na ritani ya kodi aliyojaza pamoja na mumewe kabla hawajaachana. Shemeji alikuwa na kipato cha pembeni ambacho hakukiandika. Mdogo wangu alitia sahihi pale alipoonyeshwa.

"Lakini Dada, hakimu aliandika deni ni lake," akasema, hukumu ya talaka mkononi.

Kesho yake tukapanda basi hadi kliniki ya kodi. Huko hakuna dawa. Kuna wanasheria wanaowatetea wenye kipato kidogo, bure au kwa ada ndogo, na hawako chini ya IRS. Mama aliyetupokea aliuliza kwanza: deni ni lenu, au ni lake peke yake? Lingekuwa la mume tu, la kabla ya ndoa tuseme, na marejesho yao ya pamoja ya kodi yakachukuliwa kulilipa, mke angejaza fomu 8379 adai fungu lake. Ritani ya pamoja ni habari nyingine. Sheria inawabana wote wawili, na kila mmoja anaweza kudaiwa deni zima. Hukumu ya talaka inamfunga shemeji, IRS haiifungi.

Njia iliyobaki ni fomu 8857. Aombe kuondolewa deni kwa kuwa hakujua, wala hakuwa na sababu ya kujua, kwamba kipato kimefichwa. Au, kwa kuwa wameachana, kila mmoja abebe sehemu yake. Maombi hayo mawili yana miaka 2 tangu IRS ianze kudai.

"Walianza lini?"

Mdogo wangu akafikiri, kisha uso ukambadilika. Marejesho yake yaliwahi kukatwa, akadhani ni makosa ya hesabu. Ilikuwa miezi 21 iliyopita. Nilimshika mkono chini ya meza. Ipo njia ya tatu, ya kuangalia haki kwa ujumla, ambayo tangu 2011 haibanwi na miaka hiyo 2, lakini hatukutaka kuitegemea hiyo peke yake.

Kilichomuuma zaidi ni kusikia kwamba lazima shemeji aarifiwe.

"Hata kama nilimkimbia?"

Hata hivyo. Ila anwani yake mpya hawatamtajia. Nikawaza jinsi tunavyowalea mabinti wetu kuamini kwamba kuuliza karatasi za mume ni utovu wa adabu. Tunawakosea sana.

Usiku tukajaza fomu. Inauliza ulishiriki vipi kuandaa ritani, ulijua nini ulipotia sahihi, fedha za nyumbani nani alizisimamia. Alinisimulia kwa Kiswahili, akilia, ndipo akaandika kwa Kiingereza. Asubuhi tukaipeleka posta pamoja na ombi la kusikilizwa. Karani akagonga mihuri. Mdogo wangu akaikunja risiti mara nne, akaifunga kwenye pindo la khanga aliyoivaa ndani ya koti.