Mkahawa Mwema wa Chai: Mteja wa Nakawa Hutazama Nini?

Msafiri atokaye katikati ya jiji la Kampala na kuifuata Barabara ya Jinja hufika Nakawa baada ya mwendo wa kilomita tano hivi. Mkono wake wa kushoto huinuka kilima cha Naguru, yaliko makao makuu ya Polisi ya Uganda. Mkono wake wa kulia kipo kilima cha Mbuya, yaliko makao ya Wizara ya Ulinzi. Katika bonde lililo kati ya vilima hivyo limo soko kubwa la Nakawa, mahakama, chuo cha biashara cha Makerere, chuo cha ufundi, na jumba refu la Mamlaka ya Mapato lililofunguliwa mwaka 2019. Si mbali na hapo iko njia iendayo Luzira, penye magereza na bandari ya Port Bell.

Mahali penye shughuli nyingi namna hii hapawezi kukosa chai. Jua halijachomoza bado, malori ya ndizi, nyanya na kabichi huwa yamekwisha kuwasili sokoni. Wapagazi wameshusha mizigo na migongo yawauma. Askari aliyekesha lindoni anatelemka kutoka Naguru, koti lingali na umande. Mama mchuuzi anahesabu mafungu yake. Mwanafunzi anapitia daftari lake. Na mtu mwenye kesi anangoja milango ya mahakama ifunguliwe, moyo ukimwenda mbio. Watu hawa hawajuani, wala hawana kazi moja, lakini saa kumi na mbili ya asubuhi wote hutaka kitu kimoja: kikombe cha chai ya moto.

Hapana shaka vibanda vya chai ni vingi. Kwa nini basi kimoja hujaa hata watu wakanywa wamesimama, na cha jirani yake hubaki na nzi? Jambo hili lafaa kutazamwa, kwa kuwa jamaa nyingi za askari na za wafanyakazi wa chini hujipatia riziki kwa birika na sigiri, na jamaa nyingi zaidi hutumia sehemu ya mshahara wao humo.

Jani lenye historia

Majani ya chai yaliingia Uganda mwaka 1900, yakapandwa kwanza katika bustani ya mimea ya Entebbe. Baadaye mashamba makubwa yakaenea Mukono, Mityana, Toro na Bushenyi. Mnamo mwaka 1972 nchi ilivuna zaidi ya tani 20,000. Mwaka huo huo Waasia waliokuwa wakimiliki mengi ya mashamba na viwanda walifukuzwa, na mambo yakaharibika. Kufikia mwaka 1980 mavuno hayakufika hata tani 2,000. Sukari nayo iliadimika, ijapokuwa viwanda vya Kakira na Lugazi vilikuwa karibu. Wazee wa Kampala wangali wakikumbuka zile siku za magendo, mtu alipopanga mstari kwa ajili ya kilo moja ya sukari na kurudi nyumbani mikono mitupu.

Siku hizo zimepita. Mashamba yamefufuliwa, na leo Uganda imo miongoni mwa nchi za Afrika zitoazo chai kwa wingi, ingawa iko nyuma ya Kenya. Sehemu kubwa ya chai hiyo huuzwa nje kwa njia ya mnada wa Mombasa. Lakini kumbukumbu ya uhaba imewaachia watu wa Kampala tabia moja: mteja huijua thamani ya kikombe kilichokolea, na hamsamehi kwa urahisi yule amletaye maji ya rangi.

La kwanza ni usafi

Mteja mwerevu, kabla hajaketi, hutazama mahali vikombe vinapooshewa. Akiona karai moja la maji meusi ambamo kila kikombe huzamishwa na kutolewa, hugeuka akaenda zake. Akiona maji ya sabuni upande mmoja na maji safi ya kusuuzia upande wa pili, na vikombe vimeinamishwa juu ya kichanja vikauke, huvuta benchi.

Jambo hili si la madaha. Kati ya Januari na Juni 2015 homa ya tumbo, iitwayo taifodi, ililipuka mjini Kampala, na watu zaidi ya 10,000 wakashukiwa kuwa nayo. Wachunguzi wa afya waliona kwamba chanzo kikubwa kilikuwa maji machafu na vinywaji baridi vilivyouzwa barabarani. Hapo ndipo sifa ya chai inapodhihirika. Maji yaliyochemka vizuri huua vijidudu vya ugonjwa huo. Kwa hiyo chai ya moto ni salama kuliko maji ya matunda yaliyochanganywa na maji yasiyojulikana yalikochotwa. Lakini usalama huo hutoweka mara moja ikiwa chai safi itamiminwa katika kikombe kichafu, au ikiwa mpishi ametoka chooni bila kunawa, kisha akashika mandazi kwa vidole. Mkahawa mwema una kopo la maji na sabuni mlangoni kwa ajili ya wateja, na koleo la kushikia vitafunio kwa ajili ya mtumishi.

Maziwa ya kweli

Watu wengi wa Nakawa hupenda chai ya maziwa iliyopikwa pamoja na tangawizi. Wengine huongeza mujaaja, jani la jamii ya mrehani ambalo watu wa Buganda hulipanda karibu na nyumba. Anayetoka pwani atatafuta iliki na mdalasini, naye asipovipata hana budi kuizoea ladha ya wenyeji; mgeni hachagui sufuria.

Maziwa mengi yanywewayo Kampala hutoka upande wa Mbarara na wilaya jirani za magharibi, yakisafirishwa kwa malori yenye matangi ya baridi. Njiani na madukani wapo wenye tamaa ambao huyaongeza maji. Maziwa halisi ni mazito kuliko maji kwa sehemu kama thelathini katika elfu, na tofauti hiyo hupimwa kwa chombo kidogo kiitwacho laktomita. Mwenye mkahawa anunuaye lita nyingi kila siku hufanya vema kuwa na chombo hicho, maana akidanganywa yeye, wateja watasema ndiye aliyewadanganya wao. Wateja hawana laktomita, lakini wana ulimi. Chai iliyotiwa maji mengi huacha kinywa kitupu, na habari zake huenea sokoni kabla ya adhuhuri.

Joto, wakati na vitafunio

Chai vuguvugu ni tusi. Mteja wa alfajiri ametoka kwenye baridi, naye hutaka kikombe ambacho hana budi kukipuliza. Ndiyo sababu mpishi hodari huwasha sigiri yake mapema, makaa yakawa mekundu kabla ya wateja wa kwanza, na chai iliyopikwa huitia katika chupa ya kuhifadhi joto badala ya kuiacha ichemke saa nzima. Majani yakichemshwa mno huwa machungu, na hapana sukari iwezayo kuuficha uchungu huo.

Kisha kuna wakati. Askari mwenye gwaride saa moja hawezi kungoja nusu saa. Dereva wa teksi ana abiria garini. Mkahawa uliozoea wateja wake hujua nani huharakisha na nani amekuja kuzungumza, ukamtangulizia yule wa kwanza bila kumdharau wa pili.

Na chai haiendi peke yake. Vipo mandazi, sumbusa, mihogo ya kuchemsha, na chapati iliyokunjwa na mayai, ambayo imejulikana Uganda nzima kwa jina la rolex. Kwa mwenye kazi nzito kuna katogo, yaani ndizi zilizopikwa pamoja na maharagwe au matumbo, chakula kinachomshikilia mpagazi mpaka alasiri. Mteja hutazama kama mandazi ni ya leo au ya jana. Mwenye mkahawa mwaminifu humwambia kweli, akampunguzia bei ya yale ya jana. Naye mteja akila hujua amekula nini.

Ulimi mwema na chenji kamili

Mwanamke mmoja huitwa mama na kila mtu, hata na wale waliomzidi umri. Naye huwaita wateja wake kwa heshima iwastahilio: mzee, ndugu, ssebo, nnyabo, na mwenye sare huitwa afande, awe koplo au mkuu wa kituo. Luganda ndiyo lugha itawalayo sokoni, lakini karibu na kambi Kiswahili husikika kwenye kila benchi. Kiswahili kimekuwa lugha ya jeshi na polisi nchini tangu enzi za ukoloni. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 serikali ilikata shauri kifundishwe shuleni. Askari aliyetoka Arua na mwenziwe aliyetoka Mbale hukutana humo humo, juu ya kikombe.

Chenji ni jambo dogo ambalo huvunja urafiki mkubwa. Muuzaji asemaye kila siku “utachukua kesho” huwa anakopa kwa wateja bila idhini yao. Anayeanza asubuhi na sarafu za kutosha ameshinda nusu ya vita.

Deni na heshima ya sare

Hapa lafaa kusemwa neno lililo zito kuliko sukari. Mkahawa ulio karibu na kambi huishi kwa mkopo. Mshahara huja mara moja kwa mwezi, njaa huja kila siku. Hivyo daftari la madeni hukaa karibu na birika. Si aibu kukopa chai. Aibu ni kupita njia nyingine mshahara ukishatoka.

Watu wa Kampala hawajasahau miaka ya 1970, wakati mwenye duka alipomwona mtu mwenye bunduki akaanza kutetemeka, kwa kuwa mali ingeweza kuchukuliwa bila malipo, na kudai kulikuwa hatari. Wapiganaji wa Jeshi la Upinzani la Taifa, walioingia Kampala mwezi Januari 1986, walikuwa na kanuni za nidhamu zilizowaagiza wasichukue kitu cha raia bila ridhaa, hata kiwe kidogo kama ndizi au kipande cha muwa, na walipe papo hapo kwa fedha taslimu. Waliozitunga walijua kwamba raia hulipima jeshi kwa vitu vidogo kama hivyo.

Kikombe cha chai ni kidogo kama ndizi. Lakini mama auzaye chai hununua maziwa leo kwa fedha ya jana. Wateja watano wasipolipa kwa mwezi mmoja, makaa hayanunuliki, ada ya mtoto haipatikani, na sigiri huzimika. Naye haoni ujasiri wa kumdai afande mbele ya watu, hunyamaza, akafunga. Mwezi Julai 2011, wakazi wa nyumba za zamani za Nakawa na Naguru, zilizojengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi, walipohamishwa ili nyumba hizo zibomolewe, familia zaidi ya elfu moja zilitawanyika kwa siku chache. Muuzaji mdogo anaweza kupoteza wateja wake kwa amri asiyoijua. Si haki apoteze na fedha yake kwa watu anaowaona kila asubuhi. Dawa ya deni kulipa.

Kwa upande wake, mwenye mkahawa aandike deni mbele ya mkopaji, siku na kiasi, wote wawili waone. Daftari lililo wazi huzuia ugomvi.

Kwa akina mama nyumbani

Chai ya mkahawa yaweza kupikwa nyumbani kwa gharama ndogo. Kwa vikombe vinne, chukua vikombe viwili vya maji na viwili vya maziwa. Ponda kipande cha tangawizi kama kidole gumba, ukichemshe katika maji kwa dakika tano. Usitie tangawizi mbichi ndani ya maziwa, kwa maana huyakatisha. Ikichemka kwanza katika maji, ukali huo hupungua. Tia maziwa, yaache yachemke hata yapande. Ndipo utie vijiko viwili vidogo vya majani, uache dakika tatu, kisha uchuje. Sukari iwekwe mezani, kila mtu ajitilie kadiri yake.

Jambo moja la afya lisisahauliwe. Chai inywewayo pamoja na chakula huuzuia mwili kupata vizuri madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe na mboga. Mama mjamzito na watoto wadogo, ambao huhitaji damu, wangoje saa moja hivi baada ya kula. Mtoto mchanga asipewe chai kabisa.

Kwa ufupi, mteja wa Nakawa hataki makubwa. Ataka kikombe safi, maziwa ya kweli, moto wa kutosha, chenji yake, na neno la adabu. Muuzaji naye ataka jambo moja tu: alipwe. Pande zote mbili zikitimiza wajibu wao, hakuna haja ya kibao kilichopakwa rangi wala ya mtu wa kuita wapita njia. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.