Kisima cha Takwa



Mwezi ulioandama baada ya kutoka eda nilifunga safari kwenda Lamu. Miezi minne na siku kumi nilikaa nyumbani kwetu Mombasa nikipokea wageni waliokuja kunipa pole, na takriban kila mmoja wao aliniachia neno lile lile: "Subiri, mtegemee Mola wako." Lilikuwa neno la haki, nami nililiitikia. Lakini usiku, watoto wakishalala, nilijiuliza: kumtegemea Mwenyezi Mungu ni kufanya nini hasa? Marehemu mume wangu aliniachia watoto watatu na kiduka cha ushoni chenye vyerehani viwili, kilichokuwa kimefungwa tangu siku aliyofariki. Ufunguo wake ulikuwa mkobani mwangu. Jamaa wengine walinishauri kiuzwe. Wengine walisema nikae, Mungu ataleta njia. Mimi sikuwa na nguvu ya kukiuza wala ya kukifungua.

Kaka yangu alinisindikiza. Tulipita Malindi na Garsen, kisha tukashika njia ya Witu. Ni njia ambayo wenyeji huipita dua zikiwa midomoni, kwani baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, yaliyoangamiza makumi ya roho, mabasi yalikuwa yakienda kwa msafara chini ya ulinzi wa polisi. Tulishuka Mokowe salama, tukaingia mashua, na haukupita muda ukajitokeza mji wa Lamu na kuta zake za mawe ya matumbawe, mji uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Hatukukaa hapo. Tuliendelea hadi Shela, kijiji kilicho upande wa kusini mashariki wa kisiwa, anakokaa khalati yangu.

Anayeijua Shela anaujua msikiti wake wa Ijumaa, uliojengwa mwaka 1829, na mnara wake unaoonekana kutoka baharini. Nyuma ya kijiji kuna vilima virefu vya mchanga mweupe. Mgeni huvitazama kwa uzuri wao, bali mwenyeji anajua kwamba ndivyo akiba yake ya maji. Mvua inyeshapo, mchanga ule huyameza maji, ukayachuja na kuyahifadhi chini, na visima vya Lamu vikapata maji matamu ilhali bahari ya chumvi imekizunguka kisiwa. Siku ya kwanza khalati aliniteka maji ya kunywa, akaniambia, "Hii ni mvua ya zamani, mwanangu. Haikupotea."

Mume wa khalati ni mvuvi. Maisha yake yote alizoea kutoka baada ya magharibi na kurejea alfajiri, kwani wako samaki wapatikanao usiku tu. Baada ya mashambulizi yale ya 2014 ilitolewa amri ya kutotoka nje usiku, na uvuvi wa usiku ukapigwa marufuku kwa sababu za usalama. Nyumba nyingi za visiwa hivi zilikosa riziki yao kwa siku moja. Nilimwuliza khalati walifanyaje.

"Tulilia siku mbili," akasema. "Siku ya tatu mjomba wako alichukua mishipi akaenda mchana, arudi na chochote. Mimi nikaenda kukopa uzi."

Alikuwa akijua kushona kofia za mkono, kazi aliyofunzwa na mama yake akaiacha alipoolewa. Kofia moja yenye kazi nzuri huchukua wiki nyingi, tundu baada ya tundu. Aliziuza zile za kwanza kwa bei ndogo, akalipa deni la uzi, akashona nyingine. Hakuniambia kwamba walitajirika, wala hawakutajirika. Aliniambia kwamba watoto walikula na ada ya madrasa ikalipwa.

Nikamwambia yaliyokuwa moyoni. Nikamwambia kwamba mimi namtegemea Mungu, lakini nimechoka kungoja. Hakunijibu. Alisema tu, "Kesho maji yakijaa tutakwenda Takwa."

Takwa ni magofu yaliyo katika kisiwa cha Manda, ng'ambo ya Shela. Hufikiwa kwa mashua kupitia mkono wa bahari uliozungukwa na mikoko, na ni lazima maji yawe yamejaa, kwani yakitoka chombo hukwama matopeni. Nahodha alituteremsha, tukapita chini ya mibuyu mpaka kwenye ukuta wa mji. Ndani yake mna mabaki ya nyumba, na msikiti mkubwa ambao juu ya kibla chake pamesimama nguzo. Nje ya ukuta liko kaburi la nguzo lenye maandishi ya mwaka 1094 wa Hijria, yaani mwishoni mwa karne ya 17 kwa hesabu ya Miladi. Hapo paliishi watu, pakaadhiniwa, pakaozeshwa, pakazikwa. Kisha mji ukahamwa.

Sababu inayosimuliwa zaidi ni maji. Visima viliingiliwa na chumvi. Khalati alinipeleka mpaka kwenye kisima cha msikiti, tukakaa ukingoni. Ndipo aliponijibu swali langu la jana.

"Unadhani watu hawa hawakumtegemea Mungu?" akaniuliza. "Utazame msikiti wao. Mji mdogo, na msikiti huu wote. Lakini maji yalipogeuka hawakukaa kitako hapa wakasema Mungu atayarudisha utamu. Walichukua watoto wao wakavuka, na inasimuliwa kwamba ndio waliokaa Shela. Mola aliwawekea maji mchangani, ng'ambo. Lakini kuvuka walivuka wenyewe."

Akaniambia pia kwamba watu wa Shela hawajaisahau Takwa. Hadi leo huja hapa kuomba dua ya mvua. Wanayo maji, na wanajua yanakotoka, na bado wanainua mikono. Nilifahamu kwamba katika visiwa hivi dua na kazi havikutenganishwa: anayeomba mvua ndiye huyo huyo anayechimba kisima.

Tukiwa tunarudi na maji, nilimkumbuka Bibi Hajar (a.s.), mama peke yake na mtoto mchanga katika bonde lisilo mmea. Hakuna mwanamke aliyemtegemea Mwenyezi Mungu kuliko yeye, na tazama alivyofanya. Alipanda Safaa, akateremka, akapanda Marwa, mara saba. Na maji hayakutoka Safaa wala Marwa, yalitoka miguuni pa mtoto wake, mahali ambapo hakupatafuta. Je, mbio zake zilikuwa bure? La. Mola amezifanya ibada, na kila hujaji, mwanamume kwa mwanamke, mfalme kwa maskini, hufuata nyayo za mama yule mpaka Siku ya Kiyama. Riziki ilitoka kwa Mungu. Hatua zilikuwa zake.

Usiku ule juu ya dari khalati alinitajia mwanamke mwingine, wa visiwa hivi hivi. Mwana Kupona binti Mshamu aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana na majeshi ya Sultani wa Zanzibar. Alifiwa na mumewe mwaka 1856. Miaka miwili baadaye, mjane, mgonjwa wa maradhi yaliyomshika muda mrefu, alimwita binti yake achukue karatasi na wino, akamtungia utendi ambao leo unasomwa katika vyuo vikuu vya dunia. Mna wasia wa dini na wa maisha, na mna dua ndefu ya kuomba afya, na kuwaombea watoto wake na jamaa zake. Hakupona. Alifariki takriban mwaka 1860. Lakini alichokuwa nacho mkononi, ambacho ni maneno yake, alikitumia chote, na matokeo akamwachia Mola.

Hata wavuvi wa Lamu katika miaka yetu wamefuata njia hiyo. Ujenzi wa bandari kubwa ulipoharibu maeneo yao ya uvuvi, walisali, na pia walikwenda mahakamani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Hukumu ya mahakama si mwisho wa dhiki, na kila mwenye kesi analijua hilo. Ila hawakuigeuza subira kuwa kunyamaza.

Ndugu zangu, hasa dada zangu mlio katika msiba, talaka, deni au maradhi: nayasema haya bila kumlaumu yeyote aliyeniambia nisubiri. Subira ni nuru. Ila yako majonzi yanayojivika nguo ya tawakali, mtu akakaa kando ya kisima cha chumvi akakiita subira. Mtume wetu (s.a.w.) alimwelekeza yule aliyemwacha ngamia wake bila kamba kwamba amfunge kwanza, kisha amtegemee Mwenyezi Mungu. Nasi tunaomwambia mfiwa asubiri, tumwulize pia ana kamba gani mkononi, na kama anahitaji mtu wa kumsaidia kuifunga.

Nilirejea Mombasa baada ya siku tisa. Sikurudi nikiwa sina huzuni. Jumatatu, baada ya kuwapeleka watoto shule, nilisimama mbele ya kiduka muda mrefu. Kufuli lilikuwa limeshika kutu, akaja kijana wa duka la pili akanisaidia kwa mafuta. Ndani, juu ya cherehani, mlikuwa na kanzu aliyoikata marehemu na hakuwahi kuishona. Nililia. Kisha nikapangusa vumbi, nikapiga bismillahi, nikatia uzi.

Wateja bado ni wachache. Mwezi uliopita kodi ililipika kwa shida, na mwezi huu sijui. Najua tu kwamba kila asubuhi nafungua mlango, na kinachoingia ndani anakileta Yeye. Yarabi, tupe nguvu ya kuvuka pale kisima kinapogeuka, na utuwekee maji matamu ng'ambo. Amin.