Waya Tatu Mbele

Gereji yangu ya Katoro nimeifunga mwaka huu, na sikuifunga kwa sababu ya macho wala kiuno, ingawa vyote viwili vingetosha. Kazi ndiyo iliyoisha. Sikumbuki ni lini gari lenye kabureta na distribyuta ya pointi liliingia uani kwangu kwa mara ya mwisho. Yanayopita siku hizi ni Fuso, Canter na Noah za abiria, na vijana wanaoyatengeneza huanza kwa kuchomeka mashine ya kusoma hitilafu. Kwa mashine siwalaumu. Nawalaumu kwa jambo jingine, nalo nitalifikia.

Nilizaliwa Kishapu, katikati ya pamba na ng'ombe, si mbali na Mwadui ambako Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Wenzangu waliota kazi ya mgodini. Mimi niliyapenda malori yaliyokuja kuzoa pamba. Darasa la saba sikuchaguliwa. Mwaka 1979, vita vya Kagera vikiwa ndiyo kwanza vimekwisha na rafu za maduka ya spea zikiwa tupu, mjomba alinipeleka Shinyanga mjini, Ngokolo, akanikabidhi kwa mzee mmoja aliyekuwa na gereji chini ya mwarobaini. Mengine ya utoto wangu hayamfai msomaji.

Tulimwita Mzee tu. Spea zilikuwa hazipatikani, kwa hiyo tulisugua pointi kwa msasa hadi zikabaki nyembamba kama ukucha, na kondensa nzima ilifungiwa kabatini pamoja na sukari. Katika hali hiyo Mzee hakuruhusu mtu abahatishe. Alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka ikatuchosha: gari lililowaka jana, likafunguliwa leo, kisha likakataa kuwaka, usilitafutie ugonjwa mpya, rudi pale mkono ulipogusa. Nilimwona mwanafunzi akibadilisha pointi kisha akihangaika na betri, koili na pampu ya mafuta asubuhi nzima. Mzee alifungua kifuniko cha distribyuta, akatoa washa ndogo ya plastiki iliyowekwa upande usio wake, akaipeleka mahali pake. Bila washa ile umeme ulikuwa ukiingia kwenye bodi moja kwa moja. Pointi zilifunguka na kufunga bure, koili haikukatiwa umeme, na plagi hazikupata moto. Gari likawaka kwa funguo ya kwanza.

Ubishi ninaotaka kuusimulia ulizuka msimu mmoja wa pamba. Ililetwa Toyota Land Cruiser pikapu, FJ45 yenye injini ya 2F, silinda sita, ikivutwa kwa kamba. Dereva alikuwa ameing'oa distribyuta nzima ili abadilishe pointi kwa raha zake, hakuweka alama, akairudisha alivyoona inafaa.

Nieleze kidogo, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Krenki huzunguka mara mbili wakati distribyuta inazunguka mara moja. Kwenye flaiwili ya 2F kuna gololi ndogo ya chuma. Ukiiona kwenye kidirisha chake, pistoni namba moja imebakiza nyuzi saba kufika juu kabisa. Lakini namba sita hupanda pamoja nayo, na gololi huonekana katika mizunguko yote miwili. Katika mmoja, namba moja imebana hewa na petroli, inangoja moto. Katika mwingine inatoa moshi. Gololi haikuambii ni upi. Ukiifunga distribyuta kwenye mzunguko wa moshi, plagi inapiga moto wakati valvu ya kuingiza inaanza kufunguka. Injini inakohoa, ulimi wa moto unatokea kwenye kabureta, na mwenye gari anaanza kuuliza ni jirani gani aliyemwonea kijicho.

Mzee alichomoa plagi namba moja, akaziba tundu kwa donge la pamba kubwa kuliko tundu lenyewe, halafu tukazungusha injini taratibu kwa spana. Kompresheni ilipokuja, donge liliruka. Tukasogeza hadi gololi ikatokea kidirishani. Rota ilikuwa inatazama waya wa namba sita. Kosa likajulikana, na namna ya kulisahihisha ikatugawa.

Fundi wa pili wa gereji, aliyenitangulia kazini, alitaka distribyuta iachwe ilipo. Chomoa waya zote sita kwenye kifuniko, alisema, kila mmoja usogeze matundu matatu mbele. Mpangilio unabaki uleule, 1-5-3-6-2-4, na gari linaondoka kabla chai haijapoa. Mzee alikataa. Alitaka distribyuta ichomolewe, igeuzwe, irudishwe ilivyotoka kiwandani. Kazi hiyo si nyepesi: ncha ya shafti ya distribyuta huingia kwenye mfereji wa pampu ya oili, na mfereji huo sharti uugeuze kwanza kwa bisibisi ndefu, ukiwa huuoni vizuri. Meno ya gia nayo yamekatwa kimshazari, hivyo shafti inajizungusha kadiri inavyoshuka. Unaweza kuishusha mara kadhaa kabla haijakaa.

“Mzee, injini haijui waya uko tundu gani,” alisema fundi wa pili.

“Injini haijui, bhabha. Fundi ajaye atajuaje?”

Mwenye gari alikuwa na pamba ya kupeleka kinuni. Alichagua waya. Gari likawaka, likaenda zake, na Mzee hakusema na mtu hadi jioni.

Miaka ya tisini nilihamia Katoro, Geita ikiwa bado wilaya ya Mwanza. Nilifuata dhahabu kama wengine, ila duarani, yaani kwenye mashimo ya machimbo, sikushuka. Nilitengeneza injini za makarasha na magari ya kubeba viroba vya mawe. Jioni moja niliitwa Nyarugusu. Pikapu ya FJ45 ilikuwa imesimama na mzigo, na mafundi wawili walikuwa wameshanawa mikono. Dereva alikuwa ameifungua distribyuta, wao wakairudisha kwa kufuata kitabu neno kwa neno. Ilipokohoa, wakanunulisha koili mpya. Ilipoendelea kukohoa, kondensa, kisha plagi zote sita. Betri nayo ikaisha.

Niliomba tochi. Sikufungua kitu. Nilishika waya kwenye plagi namba moja nikaufuata kwa vidole hadi kwenye kifuniko, ukaingia upande wa pili kabisa wa mahali kitabu kinaposema. Zilikuwa zimesogezwa matundu matatu, zimefungwa pamoja kwa mpira wa ndani wa baiskeli, fundo mara mbili, ncha zikakatwa mshazari. Fundo lile nililijua. Sikulitaja mbele ya mwenye gari. Nilirudisha waya matundu yake, tukasukuma, likawaka.

Sasa nyinyi vijana. Mna simu mfukoni zenye kamera, na bado mnafungua kitu bila kupiga picha! Sisi tuliweka alama kwa ncha ya msumari. Huo mkanda wa taimingi mnaoufungua kwenye Noah hauna tofauti na distribyuta: mkono wako ndio shahidi wa kwanza, na mashine haiwezi kukusomea ulichofanya dakika tano zilizopita. Anayebadilisha spea moja baada ya nyingine akingoja bahati anamwibia mwenye gari, hata kama kila risiti ni halali. Na ukilazimika kupita njia ya mkato, andika. Kipande cha utepe na kalamu ni bei gani?

Fundi wa pili sasa ana yadi kubwa Kahama, na nasikia anaheshimiwa. Tulikutana kwenye msiba wa Mzee, tukakaa chini ya turubai pamoja na vijana wake, na haikuchukua muda tukawa tumerudi kwenye 2F. Alisema mwenye gari hakuja kutununulia ubishi. Alikuja ili pamba yake iingie kinuni kabla lango halijafungwa, na iliingia. Hilo nilimkubalia. Nikamwuliza basi koili, kondensa na plagi sita za Nyarugusu zililipiwa na pamba ya nani.

“Umeanza tena,” akasema, akawageukia vijana wake na kuwaeleza upya, kwa vidole, jinsi ya kusogeza waya.