Simu Katika Mtumbwi

Shuleni simu haturuhusiwi, lakini wenzangu walioniona ufukoni wakati wa likizo wamenicheka kwa sababu naivaa simu kifuani kama hirizi kila niingiapo mtumbwini. Basi leo nataka kueleza sababu yake, ili wanaocheka wajue, na wenye ndugu wavuvi wapate faida.

Mimi ni mtoto wa Buyenzi, hapa Bujumbura, na mjomba wangu ni mvuvi. Mtumbwi wake hukaa ufukoni kusini ya mji, njia ya kwenda Kabezi, na kila likizo humfuata ziwani usiku kuvua mikeke kwa mshipi na taa. Wazee husimulia kwamba zamani mvuvi alikwenda na karabai yake, mishipi na kasia, basi. Akichelewa, watu wa nyumbani walikaa ufukoni wakiyatazama maji. Siku hizi mvuvi huchukua na simu, wala si kwa anasa. Kwanza, kabla hajafika pwani wachuuzi humpigia wakamwuliza amepata nini, naye akajua bei. Pili, malipo ya samaki mara nyingi hupitia humo. Tatu, na hili ndilo kubwa, ziwa likichafuka aweza kuita watu.

Lakini simu na maji havipatani. Maji ya Tanganyika si ya chumvi kama ya bahari, ila yana madini yaliyoyeyuka ndani yake, nayo hupitisha umeme. Yakiingia katika simu ambayo betri yake ina nguvu, umeme hupita pasipo njia yake, na nyuzi ndogo za shaba huanza kuliwa. Wengine hujidanganya kwa alama iliyoandikwa sandukuni. Alama ya IP67 maana yake ni kwamba simu mpya ilijaribiwa katika maji matamu yaliyotulia, kina cha mita 1, kwa dakika 30. Ziwa letu, penye kina kikubwa kabisa, lina mita 1,470, wala halitulii kwa kumhurumia mtu. Tena simu ya mjomba ni ndogo ya vitufe, haina alama yo yote. Yeye alikuwa akiifunga katika kitambaa na kuitia mfukoni, na kwa njia hiyo amekwisha kuzika simu mbili ziwani.

Mimi, kwa kuwa nimesoma fizikia kidogo, nikajiona mwalimu. Nikatafuta kopo la plastiki la siagi ya karanga, lenye mdomo mpana na kifuniko cha kuzungusha. Nikaliosha, nikatia karatasi kavu ndani, nikalifunga, nikalizamisha katika ndoo kwa jiwe muda wa nusu saa. Nilipolifungua, karatasi ilikuwa kavu. Nikatia simu badala ya karatasi, nikalitupa kopo majini, likaelea vizuri kwa sababu ya hewa iliyomo. Mjomba akasifu sana. Nikalifunga kwa kamba katika ubao wa kukalia, fundo juu ya fundo, nikamwambia, "Mjomba, sasa hata mtumbwi ukizama, simu yako haitapotea." Maneno hayo nayakumbuka mpaka leo.

Usiku mmoja, mwisho wa mwezi wa nane, tulikuwa mbali na pwani. Taa za Uvira, upande wa Kongo, zilionekana waziwazi. Karibu na alfajiri upepo wa kusini ukaamka, na mawimbi yakaanza kuvunjika. Tukakunja mishipi ili turudi. Nilikuwa nikichota maji kwa bakuli ndipo wimbi moja likatupiga ubavuni, mtumbwi ukajaa, ukalala upande, nasi tukamwagwa nje pamoja na samaki na taa.

Nilipoibuka nilimsikia mjomba akiniita kwa jina. Alikuwa ameshika bidoni mbili tupu ambazo siku zote huzichukua, akanisukumia moja. Akasema, "Shika hiyo, mwanangu, usiiache kwa lo lote." Hatukuwa na majaketi ya kuelea. Mtumbwi haukuzama, kwa maana mti huelea, lakini upepo uliuchukua upesi kuliko tulivyoweza kuogelea. Kila nilipoinuliwa na wimbi niliuona uko mbali zaidi.

Kisha nikaona jambo ambalo siwezi kulisahau. Pale penye mtumbwi pakawaka mwanga mdogo, ukazimika, ukawaka tena. Ilikuwa simu ndani ya kopo. Kila saa kumi na moja alfajiri mkaza-mjomba wangu humpigia mumewe ili ajue habari za kuwaambia wachuuzi. Basi alikuwa akipiga, na simu ilikuwa nzima, kavu, inaita, nasi tulikuwa ndani ya maji na mikono mitupu. Nilitaka kuifuata. Mjomba akanikaza kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake: "Iache!" Nikaiacha. Mwanga ukawaka mara nyingi, ukazidi kuwa mdogo, kisha sikuuona tena.

Kumbe yule mama alipoona mumewe hapokei, hakungoja. Alikuwa na namba ya mvuvi mwingine aliyekuwa ziwani usiku ule, akampigia yeye. Mvuvi huyo akageuza chombo chake, akaja akimulika taa, na kulipopambazuka akatuona. Mimi nilikuwa natetemeka hata sikuweza kusema asante.

Mtumbwi uliokotwa siku ile ile. Nikalifungua kopo: hapana hata tone moja. Simu ilionyesha kwamba imepigwa mara kumi na moja. Mjomba akaishika, akanitazama, akasema, "Kopo lako ni zuri, mwanangu. Simu umeilinda vizuri sana. Sasa tutafutie na sisi la kwetu." Wote waliokuwapo wakacheka, na mimi nikacheka, lakini nilitahayari.

Kosa langu ni hili. Nilijiuliza, "Je, simu itapona?" Sikujiuliza, "Je, itakuwa mkononi mwa nani siku ya hatari?" Chombo cha kuitia msaada kisifungwe katika mtumbwi, kifungwe katika mtu, maana siku ya shida mtu na mtumbwi huenda wakaachana.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mkienda ziwani fanyeni hivi. Simu iwe katika mfuko usioingiza maji au kopo dogo, mlijaribu kwanza kwa karatasi kavu katika ndoo, kisha mlifunge kifuani, si katika ubao. Jizoezeni kupiga simu mkiwa mmelowa, kwa kuwa kioo cha kugusa mara nyingi hakisikii kidole chenye maji; simu ya vitufe ni bora kwa kazi hii. Aganeni na mtu wa nchi kavu juu ya saa ya kupiga, naye awe na namba za wavuvi wengine. Simu ikilowa, izimeni, toeni betri kama yatoka, ifuteni na kuiacha penye hewa, si motoni wala katika mchele. Mwaka 2024 kampuni ya Apple yenyewe iliwaonya wateja wake kwamba chembe za mchele zaweza kuiharibu simu. Na kabla ya hayo yote, vaeni jaketi la kuelea, maana simu huita tu. Kuelea ni kazi yako mwenyewe mpaka watu wafike.

Mjomba sasa ana majaketi mawili. Yalinunuliwa kwa fedha za mikeke ya miezi miwili, na mkewe ndiye aliyesimamia jambo hilo. Saa kumi na moja alfajiri bado humpigia. Siku hizi mjomba hupokea mlio wa kwanza, hata akiwa na samaki kwenye mshipi.

Mwanafunzi wa darasa la mwisho