Miduara ya Mfangano, kwa Mkasi na Karatasi

Msomaji, ukitoka mjini Migori kwa matatu, pitia Rongo hadi Homa Bay, kisha Mbita, uvuke ziwa kwenda kisiwa cha Mfangano. Fika kwanza kwenye Makumbusho ya Amani ya Abasuba upate mwenyeji wa kukuongoza. Pango la Mawanga liko karibu na ziwa. Kwitone iko juu mlimani, kwa hiyo tayarisha miguu!

Mwambani kuna miduara, mmoja ndani ya mwingine, na mizunguko kama nyumba ya konokono, kwa rangi nyekundu na nyeupe. Wataalamu husema ni kazi ya Watwa, wawindaji waliotangulia Wasuba. Wasuba nao walipafanya mahali pa kuombea mvua, na miiko yao iliilinda michoro hiyo kuliko ua wowote. Siku hizi miiko imelegea. Jina la mgeni likikwaruzwa hapo kwa msumari, halifutiki.

Watoto wakitaka kumbukumbu, wasiguse mwamba. Wapeni manila nyekundu, mkasi na gundi. Wakate duara, kisha waanzie ukingoni wakizunguka kuelekea katikati, na waubandike mzunguko huo juu ya karatasi nyeupe. Si kazi rahisi. Mkono ukitetemeka, karatasi hukatika njiani.