Uduvi kwenye fungu la dagaa: ziwani kila mmoja ana chake, je, mtoto wako?

Asubuhi pale Mwigobero, kando ya ziwa mjini Musoma, dagaa hupimwa kwa kisado na kwa debe. Mama akifika nyumbani na kuwachambua, hukuta humo vijidudu vyepesi vyenye ndevu ndefu. Hao ni uduvi wa Ziwa Victoria, ambao Wajaluo huwaita ochong'a. Wengi huwamwagia kuku.

Uduvi huyu ana urefu wa sentimita mbili tatu tu. Vikucha vyake vina nywele kama brashi, naye huzitumia kufagia mwani na mabaki yaliyooza. Mchana hukaa chini kabisa, kwenye oksijeni kidogo ambayo samaki wengi hawaiwezi, na usiku hupanda juu. Kopepodi, ndugu zake wadogo zaidi, wana fungu lingine: baadhi huchuja mwani majini, wengine huwinda viumbe wadogo kuliko wao. Dagaa hula kopepodi, na sangara wachanga hula uduvi. Furu walipopungua sana miaka ya 1980, baada ya sangara kupandikizwa ziwani miaka ya 1950, uduvi waliongezeka.

Ukishika njia ya Bunda hadi ufukwe wa Guta, utaelewa kwa nini uduvi huingia kwenye nyavu. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, saa zilezile ambazo uduvi naye yuko juu. Asubuhi wote huanikwa pamoja, mara nyingi juu ya mchanga.

Butiama, alikozaliwa na kuzikwa Mwalimu Nyerere, dagaa hufika kwa gari. Huku wanaogawana ni mtoto na kuku, kwa sababu watengenezaji wa chakula cha mifugo nao huwatafuta dagaa haohao. Kuku akipata zaidi, mtoto hubaki na ugali na mboga za majani. Dagaa huliwa mzima na mifupa yake, hivyo humpa mtoto protini, madini ya chuma na kalsiamu kwa bei ambayo sangara hawezi kuifikia.

Mzazi, ukiweza chagua dagaa walioanikwa kwenye vichanja. Wachambue, waoshe mchanga wote uishe, wakaushe, wakaange bila mafuta kisha uwasage. Kwa mtoto aliyetimiza miezi 6, anza na unga kidogo kwenye uji.

Uduvi nao wana protini, lakini ni jamii moja na kamba na kaa, ambao huwaletea baadhi ya watu mzio. Kwa mtoto mdogo, watoe kwanza. Akila akatokwa na vipele, akavimba midomo au akapumua kwa shida, mwahishe kituo cha afya mara moja na usimpe tena kabla ya kupata ushauri wa daktari.

Na kila kisado kikiingia nyumbani, pima kwanza kikombe cha mtoto. Kuku wapewe kinachobaki.